Hifadhi ya Nyimbo na Michezo ya Mji wa Unguja

Mtu akitaka kujua habari za ushuru wa forodha, au mashauri ya mashamba ya karafuu katika Unguja ya miaka mia iliyopita, huenda Kilimani ilipo Nyumba ya Nyaraka, akaletewa jalada lenye nambari, akakaa akasoma. Lakini mtu huyo huyo akiuliza ni wimbo gani ulioimbwa katika harusi fulani ya mtaa wa Malindi mwaka ule ule, nani aliyeshika udi, na kwa nini wanawake wa upande wa pili waliondoka kwa hasira, aghalabu hakuna jalada la kumletea. Labda ataona karatasi ya kibali cha kupiga ngoma, yenye tarehe na jina la mwombaji, basi. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Serikali huandika yale iyahitajiyo kwa kutawala na kutoza kodi. Kicheko cha watu barazani hakitozwi kodi, kwa hiyo hakuna karani aliyepewa kazi ya kukiandika.

Makala haya yataeleza nyimbo na michezo ya mji huo imehifadhiwa katika vitu gani, vitu hivyo huharibika namna gani, na kazi impasayo mtunza maktaba ni ipi. Habari zenyewe si za Unguja peke yake, maana Mombasa na Lamu na Dar es Salaam zina shida hiyo hiyo. Ila mfano mmoja ulioelezwa vizuri hufaa kuliko mifano mingi iliyogusiwa juu juu.

Yasimuliwa kwamba Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alipenda sana muziki wa Misri, akampeleka kijana mmoja, Mohamed bin Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni huko. Jumbani kwake palikuwa pia na bendi ya Wagoa iliyopiga kwa namna ya Kizungu. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama chao wenyewe, Akhwani Safaa, jina walilolichukua kwa wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, maana yake ndugu wa usafi. Chama hicho kingali hai. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kiliitwa Malindi kwa muda, kisha kikarudia jina lake la zamani. Na mwaka 1958 kikatokea kingine kilicho maarufu, ambacho leo huitwa Culture Musical Club.

Hapa nataka kusimama kidogo juu ya maneno, kwa kuwa maneno nayo ni nyaraka. Tarabu latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya msisimko uupatao moyo kwa kusikia kitu kizuri. Kwa asili si jina la aina ya muziki, bali la hali ya msikilizaji. Udi kwa Waarabu ni mti au ubao, na ndiyo sababu kwetu neno moja lataja ala ya nyuzi na pia kile kifukizwacho chetezoni. Kanuni ni ala, na kanuni ni sheria, na yote mawili yametoka katika neno moja la Kiyunani lililopitia kwa Waarabu. Santuri, ambalo kwetu ni chombo cha kupigia sahani za nyimbo au sahani zenyewe, lafanana na jina la ala ya nyuzi ya Waajemi igongwayo kwa vijiti. Msomaji asiyejua mambo hayo akikuta katika daftari la zamani maneno “kununua santuri” hatajua kilichonunuliwa ni nini, ila aangalie mwaka na bei.

Tuje sasa kwa Siti binti Saad, kwa kuwa hapana habari ya hifadhi ya muziki wa Unguja ipitayo bila jina lake. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, akaitwa Mtumwa. Alitembeza vyungu akiviuza, naye alikuwa na sauti ya kuwaita wanunuzi kutoka mbali. Alipohamia mjini alifundishwa kuimba pamoja na ala, wakamzunguka wapigaji hodari: Mbaruk Talsam, Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Jina la Siti, maana yake bibi wa heshima, alipewa na watu. Mwaka 1928 walisafiri kwa meli hata Bombay, nyimbo zao zikatiwa katika sahani za kampuni ya His Master's Voice. Nazo ni miongoni mwa sahani za kwanza za Kiswahili. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alimhoji kabla ya kufa kwake, akaandika wasifu wake uliopigwa chapa mwaka 1958, na lau asingalifanya hivyo tungalikuwa na sauti isiyo na mtu.

Sahani za wakati ule zilifanywa kwa lakiri, yaani utomvu utolewao na wadudu wadogo katika miti ya Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Ilizunguka mara 78 katika dakika moja, na sindano ya chuma ilipita katika mfereji mwembamba sana. Kitu hiki kina tabia mbili zipinganazo. Ikianguka sakafuni huvunjika kama kigae. Lakini ikiwekwa wima, mahali pakavu, pasipo joto, yaweza kukaa miaka mia na sauti yake isiondoke. Kinachoiua zaidi ni kupendwa. Kila ilipopigwa, sindano ilikula kidogo ya ukuta wa mfereji, na wimbo uliopendwa kuliko nyingine zote ndio uliolika kuliko nyingine zote. Kwa hiyo mkusanyaji akipata sahani safi isiyo na mkwaruzo asifurahi upesi. Huenda ni wimbo ambao wenye nyumba hawakuujali. Ile iliyochakaa hata haisikiki ndiyo iliyokuwa ikiimbwa na watu.

Sahani hizo zimetawanyika. Nyingine zilipotea katika nyumba zilizohamwa baada ya mwaka 1964, nyingine zimekwenda Maskati pamoja na jamaa waliohamia huko, nyingine zilitumiwa na watoto kama magurudumu. Uingereza zimehifadhiwa vizuri zaidi: pale Hayes, karibu na London, yamewekwa madaftari na sahani za kampuni iliyozitoa, na katika hazina ya sauti ya British Library ziko nyingine, ambazo mtaalamu Janet Topp Fargion alizichambua na kuchagua baadhi yake zitolewe tena mwaka 2007. Mimi si miongoni mwa wale wasemao kwamba huo ni wizi tu. Kampuni ilitunza mali yake kwa faida yake, na kwa kufanya hivyo ikatutunzia yetu bila kukusudia. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba mjukuu wa mtu aliyeimba Ng'ambo hana budi aandike barua ng'ambo ya bahari ili amsikie bibi yake.

Wala sahani peke yake haitoshi, nayo yaweza hata kutudanganya. Upande mmoja wa sahani ya inchi kumi ulichukua dakika tatu hivi. Katika harusi wimbo mmoja wa tarabu huweza kuendelea robo saa na zaidi: kwanza ala hupigwa peke yake, kisha beti huimbwa, kiitikio hurudiwa, watu huinuka kutunza, mwimbaji hulirudia lile neno lililowachoma watu mpaka waridhike. Mbele ya mashine ya Bombay hayo yote yalikatwa. Zilichaguliwa beti chache, kiitikio kikafupishwa, na hadhira haikuwapo. Mtu asikilizaye sahani hizo leo akisema, “Hivi ndivyo tarabu ilivyokuwa,” amekosea. Hivyo ndivyo tarabu ilivyoweza kuingia katika dakika tatu.

Beti zilizobaki ziko wapi? Ziko katika madaftari, ikiwa hayakuliwa na mchwa. Watunzi wa zamani waliandika kwa herufi za Kiarabu, na hapo pana shida ambayo wasomaji wa kurasa hizi wataifurahia. Hati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo “lea” na “lia” huandikwa sawasawa, na “toa” na “tua” kadhalika. Tena sauti ya n au m itanguliayo d au b mara nyingi haikuandikwa, hata “mbuzi” akawa “buzi”. Katika barua ya biashara hayo hayana madhara, kwa kuwa maana yajulikana. Katika shairi la mafumbo madhara yake ni makubwa. Mtunzi akiandika kwamba mtoto ameachwa na sasa kazi ya mama ni moja tu, tutasoma kazi hiyo ni kulea au ni kulia? Pengine mtunzi mwenyewe alitaka tusite hapo. Basi mwenye daftari pasipo sahani hajui kutamka, na mwenye sahani pasipo daftari hana wimbo mzima. Mtunza maktaba akiviweka vitu hivi viwili katika vyumba viwili, kimoja cha karatasi na kimoja cha sauti, bila kuandika katika orodha kwamba ni ndugu, amevifanya vyote viwili kuwa mabubu.

Kuna jambo la tatu, nalo ni gumu zaidi, yaani nani aliyekusudiwa. Nyimbo nyingi za Unguja zilikuwa na mlengwa. Vyama vya wanawake vya zamani, vilivyojipa majina kama Navy, Royal Air Force na Sahib el-Ari, vilishindana kwa nyimbo, kimoja kikitupa neno na kingine kikijibu. Aliyeinuka kumtunza mwimbaji katika ubeti fulani, akipita mbele ya fulani huku akitikisa noti mkononi, alikuwa akisema jambo ambalo halimo katika maneno. Hapo ndipo tarabu inapokuwa mchezo wa jukwaani ijapokuwa haina pazia: wachezaji wake ni wasikilizaji. Na michezo hasa ilikuwapo pia. Kikundi cha Siti kilijulikana kwa vichekesho vilivyoitwa natiki, jina lililotoka katika lugha za Kihindi, vikichezwa katikati ya nyimbo na kuiga tabia za watu wa mji. Tulichobakiwa nacho cha vichekesho hivyo ni kidogo mno. Wimbo una vina na mizani vya kuufunga katika kumbukumbu. Kichekesho kilitegemea uso, mwendo na siku yenyewe.

Majengo nayo hayadumu. Jumba la michezo lililojengwa Vuga kwa ramani ya John Sinclair mwanzoni mwa miaka ya 1920, likaonyesha maigizo na baadaye picha za sinema, liliteketea kwa moto katika miaka ya 1950 na kujengwa upya. Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makumbusho ya mambo ya pwani, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini orodha haizuii maji ya mvua kupenya darini. Wenye kutunza vitu vya thamani hawana budi wakumbuke kwamba nakala iliyo katika jengo lile lile la asili si nakala. Siku ya moto vyote viwili huungua.

Sauti ya Unguja ilianza kutangaza mwaka 1951, na tangu hapo ukanda wa sumaku ukachukua mahali pa sahani. Ukanda huchukua wimbo mzima, na ndiyo sifa yake kubwa. Aibu yake ni kwamba waweza kufutwa na kutumiwa tena. Katika vituo vya redio vya nchi nyingi kanda zilikuwa ghali, na wimbo wa mwaka jana ulifutwa ili kupata nafasi ya hotuba ya mwaka huu. Tena ukanda haupendi hewa ya pwani. Aina moja ya zamani, msingi wake ukianza kuoza, hutoa harufu ya siki, na harufu hiyo ikisikika kabatini yafaa kanda hizo zitengwe mara moja na kunakiliwa kabla ya nyingine. Aina nyingine gundi yake hunyonya unyevu, ikalainika, ikanata katika mashine na kubanduka pamoja na sauti. Nilipata kuingia katika ofisi moja, nisiyopenda kuitaja, nikaona kanda zimepangwa juu ya kabati lililo chini ya dirisha la magharibi, jua la alasiri likiziangukia. Aliyeziweka hapo hakuwa mzembe. Alitaka zisipate ukungu.

Kunakili kwenyewe kuna adabu yake. Wenye elimu hii wanashauri sauti ipimwe mara 96,000 katika kila sekunde, kwa biti 24, na faili hilo lisibanwe wala lisisafishwe. Mikwaruzo na iachwe. Anayetaka kusikiliza kwa raha afanyiwe nakala ya pili iliyosafishwa. Ile ya kwanza ibaki jinsi ilivyo, kwa sababu masikio ya miaka hamsini ijayo yatakuwa na vyombo bora kuliko vyetu, na mkwaruzo tulioufuta sisi huenda uliondoka pamoja na pumzi ya mpiga nai. Kazi hii haiwezi kungojea sana. Kanda zenyewe huenda zikastahimili, lakini mashine za kuzipigia hazitengenezwi tena kama zamani, na mafundi wajuao kurekebisha vichwa vyake ni wazee.

Orodha ndiyo iliyo moyo wa maktaba, na hapa makosa madogo huleta hasara kubwa. Jina la mwimbaji liandikwe vipi? Katika vibandiko vya sahani na katika vitabu vya Wazungu mtu mmoja huitwa “binti” mahali pamoja na “bint” mahali pengine, Saad huwa na a moja au mbili. Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, ulimwengu wote ulimjua kwa jina la Bi Kidude. Akiwekwa chini ya F tu, vijana hawatamwona, na akiwekwa chini ya K tu, wa nyumbani watashangaa. Mtunza orodha aandike jina moja kuwa kuu na yote mengine yaelekeze huko. Pia asimwandike mwimbaji peke yake. Mpiga fidla, mpiga dumbaki, mtunzi wa maneno, mtunzi wa sauti, kila mmoja apewe mstari wake, maana katika tarabu mara nyingi hao ni watu wanne, na vibandiko humtaja mmoja.

Halafu pana suala la ruhusa. Katika jiji la New York, maktaba ya umma ina idara iliyoanzishwa mwaka 1970 na bibi Betty Corwin, ambayo hupiga picha za michezo ya kuigiza jukwaani ikaziweka. Vyama vya waigizaji na wapiga muziki vilikubali kwa sharti kwamba picha hizo zitazamwe ndani ya maktaba tu, wala zisiuzwe wala kutolewa nje. Nadhani mfano huo watufaa, si kwa vyombo vyake, maana hatuna fedha za New York, bali kwa mapatano yake. Wazee wengi wa Unguja hawakatai nyimbo zao kuhifadhiwa. Hukataa kuzisikia kesho zikiuzwa na mtu wasiyemjua. Tena zimo nyimbo ambazo mlengwa wake yu hai, au watoto wake wahai. Maelezo ya fumbo la namna hiyo yaandikwe, yatiwe bahasha, na juu ya bahasha uandikwe mwaka ambao yaweza kufunguliwa. Kuyaacha yasiandikwe kabisa kwa kuona haya ni kuyaua. Kuyatangaza leo ni kuanzisha ugomvi uliokwisha.

Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwanzoni mwa karne hii, kilirudisha mafunzo ya udi na kanuni kwa vijana, na huko nilijifunza kwamba njia bora ya kufahamu sahani ya zamani ni kumpigia mzee huku umeshika kalamu. Usimwulize, “Unaukumbuka wimbo huu?” kwa maana atajibu ndiyo au siyo, na mazungumzo yakaisha. Piga, nyamaza, umngoje.

Nilifanya hivyo siku moja na bibi mmoja mkazi wa Kikwajuni. Nilimpigia nakala ya wimbo ambao umri wake ulikuwa sawa na wa mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho, sindano ilipofika ukingoni akaendelea yeye peke yake, akaimba beti mbili ambazo hazimo katika sahani, kisha akacheka, akasema mama yake alikuwa akiimba hizo anapotwanga, na kwamba ubeti wa pili ulimhusu jirani mmoja aliyekopa sufuria. Nikamwomba azirudie. Alizirudia mara tatu, na mara ya tatu akalibadili neno moja, akasema hilo ndilo sahihi, lile la kwanza lilikuwa la adabu. Beti zote mbili zimeandikwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, maneno yote mawili yamewekwa, na habari ya sufuria imo katika bahasha.